Maswali na Majibu: Kilti ya harusi kwa rangi za bendera ya Tanzania

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Glasgow, na mwakani nitafunga ndoa hukuhuku Scotland. Ningependa kuvaa kilti, yaani sketi ya marinda ya wanaume wa Scotland, ya kitambaa kitakachofumwa mahususi kwa rangi za bendera yetu: kijani, njano, nyeusi na buluu. Kiwanda kimenitumia kadi yenye vipande vya nyuzi za sufu, na kwa kila rangi kuna aina kadhaa, kuanzia zilizokolea hadi zilizopauka. Je, nichague zile zinazofanana zaidi na bendera?

Jibu: Ndugu msomaji, pokea kwanza pongezi zangu. Ushauri wangu ni kwamba usianze kulinganisha nyuzi na bendera kabla hujaamua kila rangi itachukua sehemu gani ya kitambaa. Katika bendera kila rangi hukaa peke yake mahali pake, lakini katika tartani, yaani kitambaa cha kilti chenye mistari inayokatizana na kuunda miraba, mpangilio uleule wa mistari hutumika kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana), kwa hiyo rangi huonekana safi pale tu inapokutana na yenyewe. Kwingineko kote nyuzi za rangi mbili hupishana nusu kwa nusu, na jicho likiwa mbali kidogo huona rangi ya tatu. Rangi zako 4 zitazaa miraba ya aina 10, minne safi na sita ya mchanganyiko. Na lau ungezigawa sawasawa, robo tatu ya kitambaa chote ingekuwa mchanganyiko.

Lipo jambo jingine ambalo huenda hukulitarajia. Rangi hizo hizo 4 ndizo zilizomo katika tartani ya Gordon, ambayo msingi wake ni tartani ya kikosi cha jeshi cha Black Watch, yenye buluu, nyeusi na kijani, iliyoongezewa mstari wa njano mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kikosi kilichoundwa na Duke wa Gordon. Ukiagiza kijani na buluu zilizokolea sana, kisha ukaweka mstari mmoja wa njano katikati ya kijani, wageni wa upande wa bibi harusi wataanza kukuuliza una undugu gani na ukoo wa Gordon.

Njia ya kuepuka hilo imo ndani ya bendera yenyewe. Humo njano haikai katikati ya kijani. Inapakana na mshazari mweusi pande zote mbili, na mshazari huo ndio unaotenganisha kijani na buluu. Fuata utaratibu huo katika hesabu ya nyuzi: kijani 40, njano 4, nyeusi 24, njano 4, buluu 40, kisha mpangilio urudi kinyumenyume hadi kwenye kijani. Mzunguko mzima utakuwa na nyuzi 144, na njano itakuwa moja ya tisa ya nyuzi zote. Usidhani kwamba hiyo ni ndogo mno. Njano iliyo safi kabisa itakuwa sehemu 1 tu kati ya 81 za kitambaa, ni kweli, lakini mistari yake itakatiza kila mahali na itaonekana kabla ya rangi nyingine yoyote. Kiwanda kitakueleza mzunguko huo utakuwa na upana gani kwa unene wa uzi unaouchagua, na fundi wa kilti ataupima kwa ajili ya marinda.

Sasa ndipo uichukue kadi. Kijani na buluu za bendera ni angavu zote mbili, na hapo ndipo wateja wengi hukwama, kwa kuwa rangi mbili zenye mwanga sawa huyeyukiana zikitazamwa kutoka upande wa pili wa ukumbi. Zipige picha pamoja kwa simu, uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe, na zikionekana kijivu kimoja, badilisha mojawapo. Mimi ningeacha buluu ibaki nyepesi, kisha nishushe kijani hatua moja kuelekea giza. Kwa njano, chagua inayoelekea dhahabu, maana njano ya limau ikipishana na nyeusi hutoa kijani kichafu ambacho hakimo katika bendera yoyote. Nyeusi haina mjadala.

Uamuzi wa mwisho usiufanye kwenye skrini. Zitazame nyuzi kando ya dirisha mchana, kisha chini ya taa za aina ile itakayokuwapo ukumbini, kwa sababu rangi zinazopatana juani huweza kukosana chini ya balbu. Kuzizungusha nyuzi kwenye kipande cha kadibodi husaidia kuona uwiano wa mistari, lakini hakuonyeshi mapishano. Kwa hiyo omba sampuli iliyofumwa, hata kama italipiwa. Na kwa kilti moja tu, tumia nyuzi ambazo kiwanda tayari kinazo, kwani kutia rangi mpya huhitaji sufu nyingi kuliko utakayoitumia.

Mwambie fundi mapema jinsi marinda yatakavyopangwa. Yakifuata mpangilio wa kitambaa, mgongo utafanana na mbele. Yakifuata mstari mmoja, kama ilivyo desturi ya vikosi vya jeshi, mstari huo utajirudia katika kila rinda, na buluu au kijani itachungulia tu unapotembea. Kwa tartani hii ningependelea namna ya kwanza.

Kilti kamili huhitaji yadi 8 za kitambaa cha upana mmoja, takriban mita 7.3, au yadi 4 za upana maradufu. Kama unataka pia tai au fulana ya suti kwa wasimamizi, agiza kitambaa chote kwa mara moja, kwa sababu nyuzi zilizotiwa rangi katika mikupuo tofauti hazilingani kikamilifu. Kuusajili mchoro wako katika Rejista ya Tartani ya Scotland, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, si sharti la kuufuma wala kuuvaa. Ukitaka kuusajili, watakudai hesabu ya nyuzi na mchoro usiofanana mno na uliokwisha kusajiliwa.