Mtu Asimpunje Ndugu Yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni halali kwa Mkristo kuwa na mpenzi kabla ya ndoa, na kama ni halali, mipaka yake ni ipi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikifundisha vijana wanaojiandaa kwa ndoa kanisani kwetu, na sehemu ya pili ya swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko ya kwanza. Kijana husubiri wenzake watoke, husogea karibu na meza, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama busu ni dhambi, au kama ni dhambi kumtembelea mwenzake anayeishi peke yake. Huwa simlaumu, kwa maana anayeuliza anataka kutii. Hata hivyo nimekuja kuamini kwamba mtu anaweza kuishika mipaka yote hiyo na bado akamtendea mwenzake ubaya mkubwa, nami nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kuutenda.

Nilipokuwa na umri wa miaka 24 nilikuwa na urafiki na binti tuliyeimba naye kwaya. Kwa miaka mitatu sikumgusa isivyopasa, na jambo hilo nililihesabu kuwa haki yangu mbele za Mungu. Kila aliponiuliza tunaelekea wapi nilimjibu kwamba bado naomba, ilhali sikuwa naomba. Nilikuwa nangoja kuona kama atatokea mwingine nitakayempenda zaidi. Katika muda huo aliposwa mara mbili akakataa, na mimi nilijua. Siku alipochoka alinirudishia kitabu changu cha nyimbo, amekifunga kwa gazeti, na kila ukurasa niliokuwa nimeukunja pembe alikuwa ameunyoosha. Hakusema neno.

Ni baada ya hapo ndipo nilipousoma kwa makini waraka wa kwanza ambao Paulo aliwaandikia Wathesalonike, yapata mwaka 50. Katika sura ya nne anawaagiza waepukane na uasherati, jambo ambalo kila kijana wa kanisani amelisikia, lakini katika aya ya sita anaongeza kwamba "mtu asimpunje ndugu yake wala kumkosea katika jambo hili." Kupunja ni neno la mizani, tunalolitumia kwa muuzaji anayepunguza kipimo huku akipokea bei kamili. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake lina maana hiyo hiyo ya kujipatia kupita haki yako kwa hasara ya mwingine. Wako wanaoichukulia aya hiyo kuwa inahusu biashara, ila mimi naona maneno "katika jambo hili" yanaturudisha kwenye habari za mwili na mahusiano alizokuwa akizieleza. Kwa kipimo hicho, mimi niliyejiona safi nilikuwa nimempunja mtu miaka mitatu.

Jibu langu kwa sehemu ya kwanza ya swali, basi, ni ndiyo, ni halali, mradi urafiki huo uwe na nia ya ndoa na nia hiyo iwe imesemwa kwa maneno. Biblia haina mfano wa uchumba kama tunaoujua leo. Rebeka aliulizwa kama atakwenda na mtumishi wa Abrahamu, akajibu kwamba atakwenda, na siku alipomwona Isaka ndiyo siku alipokuwa mkewe. Wanaosema kwamba kwa sababu hiyo urafiki wote wa mvulana na msichana ni haramu wanadai zaidi ya Maandiko yenyewe. Nawaelewa, kwa kuwa wengi wao wamewazika vijana wao katika majuto, lakini katazo lisilo na andiko huwafundisha vijana kuficha, na penzi linalofichwa ndilo linalopunja kwa urahisi zaidi.

Kanisa limelijua hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliamuru kwamba ndoa itangazwe mara tatu kanisani na ifungwe mbele ya padri na mashahidi, na sababu mojawapo iliyotajwa ni wanaume waliowaoa wanawake kwa siri, kisha wakawaacha na kuoa wengine hadharani. Tangazo lile tunalolisikiliza leo kwa haraka kabla ya baraka ya mwisho liliwekwa ili kumlinda mtu aliyeahidiwa gizani.

Kuhusu mwili sina jipya, wala sitaki kulegeza lolote. Tendo la ndoa ni la wanandoa, na "ikimbieni zinaa" ni amri, tena amri ya kukimbia, si ya kusogea mpaka ukingoni na kupima kina. Wimbo Ulio Bora, kitabu kisichoona haya kuyasifu mapenzi, kinarudia mara tatu ombi la kutoyachochea wala kuyaamsha hata yatakapoona vema yenyewe. Kuhusu imani, Paulo anamwambia mjane kwamba yu huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu," na sioni kwa nini anayeoa au kuolewa mara ya kwanza awe na uhuru mpana kuliko huo.

Ninapokaa na vijana, hata hivyo, muda mrefu nautumia kwa Boazi, mwenye shamba tunayemsoma katika kitabu cha Ruthu. Ruthu, mjane anayetaka amwoe, anamwendea usiku kwenye uwanja wa kupuria, naye angeweza kufanya alilotaka bila shahidi. Anamwambia wazi kwamba yuko jamaa wa karibu zaidi mwenye haki ya kwanza ya kumwoa, anamlinda asije akajulikana kwamba alifika pale, na asubuhi anampimia shayiri vipimo sita ili asirudi mikono mitupu. Naomi, mama mkwe wa Ruthu, aliyeujua moyo wa mtu yule, anamwambia Ruthu atulie, kwa kuwa Boazi hatastarehe asipolimaliza jambo hilo siku ile ile. Kweli akaenda langoni, akaketisha wazee kumi, akalimaliza. Mimi nilisema "bado naomba" miaka mitatu.

Sisemi kwamba kila uchumba lazima uishie madhabahuni. Kuvunja uchumba si dhambi. Uchumba ni wakati wa kuchunguzana, na uchunguzi wa kweli huweza kutoa jibu la hapana. Kanuni ya 1062 ya Sheria za Kanisa Katoliki inasema kwamba ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kulazimisha ndoa ifungwe, ila hasara iliyosababishwa inaweza kudaiwa. Naye Yusufu, alipodhani amekosewa vibaya kuliko mchumba yeyote, aliazimu kumwacha Mariamu kwa siri, asitake kumwaibisha. Anayevunja leo na kesho akasambaza ujumbe na picha za mwenzake hana cha kujitetea mbele ya mfano huo.

Darasani kwetu kila kijana mwenye mchumba hupewa karatasi aandike kimyakimya: uchumba huu ukivunjika leo, mwenzako atakuwa amepoteza nini kwa sababu yako? Karatasi hizo hatuzikusanyi. Mwaka jana kijana mmoja aliandika mistari miwili, akaitazama kwa muda, kisha akaomba ruhusa atoke nje apige simu.