Kigutu cha mume wangu kimeota kitu kigumu

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Niko Likoni, mume wangu alikatwa mguu chini ya goti mwaka jana, ajali ya bodaboda. Mguu bandia alishauzoea hata feri apanda mwenyewe, sasa kigutuni pameota kitu kigumu kama kokoto, akivaa mguu aumia mpaka machozi. Jirani asema ni kansa.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, pole sana. Jirani muacheni kwanza. Mara nyingi huo huwa ni mfupa, yaani mwili ukipona jeraha kubwa nyama zaweza kuanza kutengeneza mfupa pahali hapafai, na wanajeshi wa Marekani waliokatwa miguu kwa mabomu Iraq na Afghanistan, zaidi ya nusu ya vigutu vilivyopigwa eksrei vilikuwa nao, kwa hivyo hayuko peke yake. Lakini msikisie, apigwe eksrei, maana yaweza pia kuwa neva imevimba ama usaha.

Ukiwa ni mfupa, anzeni kwa fundi wa miguu bandia apanue soketi, yaani kile kikombe cha mguu bandia kigutu kinamoingia, pale panapogusa, wengi hupata nafuu hapo hapo bila kisu. Ikishindikana ndio mfupa unatolewa, na madaktari husubiri kwanza ukomae. Kumkanda kwa nguvu wacheni kabisa jamani, mfupa haukandiki, mwamuumiza bure.

Akiona kidonda, usaha ama homa, hospitali siku hiyo hiyo.