Pointi za Reli Ndogo: Zitengee Umeme Wake Kwanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu dikoda za pointi, yaani vifaa vinavyopokea amri na kuzigeuza pointi (zile sehemu za reli zinazohamisha treni njia), huanza na namba: niweke namba ipi, nibonyeze wapi. Mimi huwarudisha kwenye waya. Namba utaibadilisha jioni yoyote ukiwa umekaa kitini, lakini waya uliokwisha kupita chini ya meza nzima, kuubadilisha ni kulala chali na tochi mdomoni.

Reli yangu ndogo hapa Mtwara inaiga njia ya zamani ya Kusini, ile iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, na ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa imekwisha fungwa. Ilikuwa na upana wa mita moja, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, natumia reli za milimita 12. Njia ile ninaipenda sana, na sitaki treni isimame hovyo kwenye stesheni ya Mkwaya kwa sababu ya waya.

Katika DCC, mfumo wa kidijitali wa kuongozea reli ndogo, umeme na amri hupita pamoja kwenye reli zilezile mbili. Treni ikiingia kwenye pointi iliyoelekezwa upande mwingine, magurudumu ya chuma yanaunganisha reli zisizotakiwa kugusana, na hapo inapiga shoti. Mtambo wa kuongozea unajizima ili usiungue. Unabonyeza ili uirudishe pointi mahali pake, kimya. Dikoda imezimika pamoja na reli, na pointi iliyosababisha shoti ndiyo hiyohiyo usiyoweza kuigeuza.

Kuna wanaoiwekea dikoda adapta yake ya pembeni wakidhani wamemaliza. Nguvu itakuwepo, ila amri haitafika, kwa sababu amri inatoka kwenye mtambo uliojizima. Adapta pekee inakufaa kama dikoda yako ina sehemu ya kufunga vitufe vya mkono na umevifunga kweli.

Dawa ninayoipendekeza inapatikana kwenye duka lolote la spea za magari: balbu ya indiketa, volti 12, wati 21. Kutoka kwenye mtambo toa jozi mbili za waya. Jozi ya kwanza iende moja kwa moja kwenye dikoda za pointi. Jozi ya pili iende kwenye reli, na waya wake mmoja upitie kwenye balbu. Siku za kawaida balbu haiwaki au inafifia tu. Shoti ikitokea inawaka kwa nguvu na kuuzuia umeme usizidi takriban ampea 2. Kama mtambo wako unabeba ampea 3 au zaidi, kwa kawaida utaendelea kufanya kazi, dikoda zitaendelea kusikia, na wewe utageuza pointi huku injini ikiwa palepale. Ifunge balbu mbali na plaiwudi na plastiki, maana inapata moto haswa. Mitambo mingine ni myepesi mno kujizima na balbu haitoshi. Hiyo inahitaji kikatizi cha DCC (kifaa kinachokata umeme wa sehemu moja tu penye shoti) upande wa reli, au busta (kikuza umeme na amri za mtambo) ya pili kwa ajili ya pointi peke yake.

Baada ya hapo, angalia pointi yako inageuzwa na mota ya aina gani. Ile ya koili mbili inataka umeme wa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha ukatwe, ukiiachia inaungua. Tafuta dikoda yenye kapasita (kifaa kinachotunza umeme na kuuachia kwa mkupuo) ya kusukuma pigo hilo, na usiipe koili dikoda iliyotengenezwa kwa mota ya polepole, kwa kuwa hiyo hutoa umeme muda wote. Sevo ndogo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, ni rahisi kupata Kariakoo na husafiri vizuri kwa basi. Zipe volti 5 kutoka kwenye chaja nzuri, wala usizinyonyeshe kwenye pini ya Arduino, ile bodi ndogo ya kuziongozea. Umeme ukikatika, nao kwetu hukatika, zima swichi kuu, maana ukirudi ghafla sevo nyingi huruka kwa pamoja.

Namba sasa. Namba za pointi zinahesabiwa peke yake, mbali na za injini, kwa hiyo injini namba 3 na pointi namba 3 hazigombani. Dikoda ya pointi nne kwa kawaida huchukua namba nne mfululizo: 1 hadi 4, 5 hadi 8, na kuendelea. Nyingi unazifundisha kwa kushikilia kitufe chake mpaka taa iwake, kisha unatuma amri ya pointi unayoitaka. Fanya hivyo kwa mtambo uleule utakaoutumia kila siku, kwa sababu mitambo haikubaliani pa kuanzia kuhesabu, na pointi uliyoiita 1 kwenye mtambo mmoja inaweza kuitika 5 kwenye mwingine. Mimi nimeipa kila stesheni kundi lake: bandari inaanzia 1, Mkwaya 21, Nachingwea 41. Nafasi zilizobaki katikati ni za pointi zitakazoongezeka.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula shaba. Kabla ya masika fungua skrubu za dikoda, na waya ulioanza kugeuka kijani uukate hadi shaba ing'ae, kisha ukaze upya. Pointi inayogeuka mara moja na kukataa mara ya pili, anza kuikagua hapo kabla hujaenda kununua dikoda nyingine.