Hela ya muziki wa gemu inapatikana kabla gemu haijatoka

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Mbeya, nikaisoma halafu nikaweka simu chini. Anasema "Shikamoo kaka, kuna studio ya nje wamesikia biti zangu wanataka niwatungie muziki wa gemu yao, dakika 20, hawana bajeti ya kulipa sasa hivi ila watanipa asilimia 5 ya mauzo, nikubali?"

Marahaba mdogo wangu. Meseji yako ni kama niliiandika mimi mwenyewe mwaka 2018, tofauti ni kwamba mimi waliniahidi asilimia 8 na sikuwa na mtu wa kumuuliza, nikasaini usiku uleule.

Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile niliyokuwa nayo.

Nilikuwa nimepanga chumba Tabata, nina laptopu, maiki moja na kinanda kidogo cha kuchomeka. Mchana hakurekodiki, bajaji zinapita mlangoni na jirani ni fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo nilikuwa narekodi saa nane usiku, feni nimezima, nimejifunika blanketi zito mimi na maiki na kayamba mkononi, jasho linanitiririka hadi kwenye vidole na kayamba inaanza kuteleza. Nikikosea mpigo mmoja narudia. Umeme ukiisha kwenye luku katikati ya treki, ndo basi mpaka kesho.

Nilitunga dakika 27. Na kwa asiyejua, dakika 27 za gemu sio sawa na dakika 27 za albamu. Kila treki lazima izunguke bila mtu kusikia pale mwisho unapoungana na mwanzo, halafu unatakiwa uitoe vipande vipande, ngoma peke yake, besi peke yake, filimbi peke yake, ili mchezaji akikutana na adui ngoma ziingie na akimshinda zitoke, na hiyo kazi ya kuvipanga vipande ndani ya gemu kwa kutumia FMOD, programu ya kuunganisha sauti na gemu, niliifanya mimi mwenyewe, miezi saba, bure, kwa sababu nilishajiona ni mshirika sio kibarua.

Gemu ikatoka. Ikauza nakala kama 3,000 ndani ya miezi minne, bei dola 9.99. Nikachukua daftari nikapiga hesabu, karibu dola 30,000, asilimia 8 yake kama dola 2,400, nikampigia mama Morogoro nikamwambia mwaka huu bati nyumba nzima tunabadilisha.

Ripoti ikaja kwenye imeili. Ukitoa punguzo la bei, nchi ambazo gemu inauzwa kwa bei ya chini, kodi, na watu waliorudishiwa hela zao, mauzo halisi yalikuwa dola 19,000. Duka la Steam, la kuuzia gemu mtandaoni, huwa linachukua asilimia 30, ikabaki 13,300. Halafu ukaja mstari ambao sikuwahi kuuelewa wakati nasaini, kwamba aliyetoa mtaji anarudisha kwanza gharama zake zote, na gharama zake zilikuwa dola 25,000. Chini kabisa kwenye mstari wa mtunzi pameandikwa 0.00.

Sikulipwa hata senti, na mkataba ulikuwa unawaruhusu. Asilimia 8 ilikuwa ya faida halisi sio ya mauzo, na mimi nilisoma "asilimia 8" nikaishia hapo.

Mwaka 2021 wakatoa sehemu ya pili. Muziki wa pambano la mwisho ni uleule wangu, kayamba ileile ya chini ya blanketi, naisikia kwenye video ya kutangaza gemu. Nikawaandikia kwa heshima kabisa, wakanijibu kwa kunikatia picha ya kifungu kinachosema haki zote za muziki ni zao milele, dunia nzima, kwa matumizi yoyote. Hakuna hata salamu. Naandika hii leo na bado inaniuma, sitawadanganya.

Sasa kitu ambacho ningependa mtu angenikalisha chini aniambie kabla ya yote ni hiki. Watunzi wengi tunatoka kwenye bongofleva, tangazo la redio au tamthilia, na kichwani tuna picha ya mirabaha, kwamba wimbo ukipigwa unalipwa. Kwenye gemu hiyo picha haipo. Mtu akicheza gemu sebuleni kwake hilo sio onyesho la hadhara, hata acheze masaa 400 muziki wako ukimzungukia kichwani, hakuna chama cha hakimiliki kitakachokukusanyia kitu kwa masaa hayo. Na watengeneza gemu kwa kawaida hawalipi mtunzi kwa kila nakala inayouzwa. Ndio maana nasema hela yako iko kwenye mkataba, ipatikane kabla gemu haijatoka, na ya baadaye uihesabu kama sadaka.

Biashara yenyewe inaendeshwa kwa bei ya dakika. Wewe na mteja mnakubaliana dakika moja iliyokamilika ni kiasi gani, mnazidisha. Mimi nilianza kwa dola 80 mwaka 2019, nikawa natetemeka kuitaja, leo natoza 250 kwa studio ndogo na sitetemeki. Kazi ya kupanga vipande ndani ya gemu ina bei yake mbali. Marekebisho mawili yamo kwenye bei, la tatu linalipiwa. Na hela inakuja kwa awamu, theluthi kabla sijagusa kinanda, theluthi katikati, theluthi kabla sijatuma faili za mwisho. Kabla, narudia, kabla. Faili likishatoka kwako bila hela umebaki na ahadi tu.

Mteja akisema kwa bei hiyo anataka haki zote, sawa, wengi ndivyo wanavyofanya na makampuni makubwa karibu yote ndivyo yalivyo, ila bei ya kuuza shamba sio bei ya kukodisha shamba. Akiwa na hela ndogo mpe leseni, atumie muziki kwenye gemu hiyo moja na matangazo yake, sehemu ya pili aje tuongee upya. Angalia aliyetunga muziki wa gemu ya Minecraft, Daniel Rosenfeld, wengi mnamjua kwa jina la C418. Alibaki na haki za muziki wake, akautoa mwenyewe kama albamu mwaka 2011, na Microsoft walipoinunua kampuni ya Minecraft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, nyimbo zile zilibaki zake. Studio ndogo ambayo leo haina hela ya kukulipa vizuri ndiyo yenye sababu ya kukuachia haki, na wewe ndio wa kuziomba, hakuna atakayekukumbusha.

Na kuna mfano ambao sisi Waswahili tungetakiwa kuutundika ukutani. Wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy ni wa Kiswahili! Baba Yetu, ile sala tunayosali kila siku, katunga Mmarekani Christopher Tin kwa gemu ya Civilization IV iliyotoka 2005. Lakini Grammy kaipata 2011. Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu aliurekodi upya akauweka kwenye albamu yake mwenyewe, Calling All Dawns ya 2009, na ndiyo iliyoshindanishwa. Tangu hapo wimbo unaimbwa na kwaya kwenye kumbi za nchi nyingi, na ukumbini ni onyesho la hadhara, huko mirabaha ipo. Yaani sebuleni wimbo haulipi, ukumbini unalipa, kwenye albamu unalipa. Kwa hiyo hata ukiuza haki pigania vitu viwili, ruhusa ya kutoa albamu, na jina lako kama mtunzi na fungu la mtunzi kwenye chama cha hakimiliki. Kwetu huku sajili nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, na ujiunge na chama cha kukusanya mirabaha, mapema, sio siku wimbo umeshavuma.

Ila kwenye albamu nako kuna shimo, nilitumbukia. Mwaka 2022 nilipakia albamu ya gemu moja kupitia kampuni ya kusambaza muziki, kwenye fomu kuna kiboksi cha kulinda wimbo YouTube, nikakiweka tiki nikajiona mjanja. Gemu ilipotoka, YouTube ikawa inautambua muziki wangu yenyewe, kila kijana aliyerekodi akiicheza akaletewa dai la hakimiliki na hela za video yake zikaanza kuja kwangu. Kwa gemu ndogo hao ndio matangazo yote! Mteja alinipigia saa saba usiku, sauti inatetemeka, hasira hata hana, ameishiwa nguvu. Nikakaa hadi asubuhi naachia madai moja moja. Albamu ya gemu kile kiboksi usikiguse mpaka umeongea na mteja.

Ukianza kupata hela za Marekani utaletewa fomu ya kodi inaitwa W-8BEN. Mirabaha ya kule inakatwa asilimia 30 kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, lakini malipo ya kazi uliyoifanya umekaa hapa Tanzania hayahusiki na makato hayo. Sababu nyingine ya kutaka bei ya dakika.

Mwezi uliopita nimemaliza kazi ya dakika 18, imelipwa yote kabla faili hazijatoka. Nilimfuata babu mmoja mpiga zeze karibu na Dodoma, na zeze lake halikukaa sawa na kinanda hata kidogo, liko chini kidogo na babu hakutaka kusikia habari ya kulikaza, akaniambia "mjukuu wangu, hili liko sawa, kaangalie hicho chako." Nikashusha muziki mzima ukamfuata yeye. Hela yake nilishaiweka kwenye invoisi tangu siku ya kwanza, nikamtumia kwenye simu tukiwa tumekaa palepale chini ya mbuyu kabla sijafunga begi la maiki, kwa sababu najua mtu aliyepiga muziki akiambiwa subiri gemu iuze anajisikiaje.

Vijana wenzangu, acheni kujidharau. Anayekwambia hana hela ya muziki amemlipa mchoraji, amelipa duka, amelipa leseni ya programu. Hela ipo, ila imeshapangiwa wale waliosema bei.

Kijana wa Mbeya nimemjibu hivi. Waambie dola 100 kwa dakika, theluthi kwanza. Wakikataa, dola 40 kwa dakika pamoja na hiyo asilimia 5, lakini asilimia ihesabiwe kwenye hela yote inayotoka dukani kabla hawajatoa gharama zao, ripoti kila miezi mitatu, na haki za muziki zibaki kwako wao wapewe leseni ya gemu hiyo tu. Wakikataa na hiyo, biti zako zitunze, zitapata mwenyewe.

Amewatumia. Wamesema watarudi na jibu Jumatatu. Leo Jumamosi, na nimemwambia mpaka hapo asiwatumie hata lupu moja.