Nimechoka Kukaa Benchi: Je, Jack Crowley Alingoja?

SWALI: Kocha, salamu kutoka Nakuru. Nina miaka 21, nacheza raga namba 10, yule anayeongoza mashambulizi, lakini huu ni msimu wa pili naingizwa dakika za mwisho tu, tena mara nyingine napewa namba 15, mlinzi wa nyuma kabisa. Nampenda sana Jack Crowley wa Ireland. Je, yeye aliaminiwa tangu mwanzo, au alingoja kama mimi? Nihame klabu?

JIBU: Alingoja, kijana wangu.

Crowley alizaliwa mwaka 2000, akakulia Innishannon, kijiji cha kaunti ya Cork. Alipofika Munster, timu ya kusini mwa Ireland, jezi ya 10 ilikuwa na wenyewe, hivyo akachezeshwa 12, jirani wa namba 10, akachezeshwa na 15. Mimi pia niliwahi kuhamishiwa 15, nikanuna mwezi mzima. Baadaye niligundua kwamba huko nyuma ndiko nilikojifunza kusoma nafasi, kwa kuwa uwanja wote unauona mbele yako.

Novemba 2022 aliingia kutoka benchi dhidi ya Fiji, mechi yake ya kwanza kwa Ireland. Wiki iliyofuata Johnny Sexton, namba 10 mkongwe wa Ireland, akaumia wakati wa kupasha misuli joto kabla ya kukutana na Australia, na Crowley akaambiwa aanze. Hakupewa usiku wa kujiandaa! Ireland ilishinda 13-10, ila penalti ya ushindi aliipiga Ross Byrne, naye alitokea benchi.

Siku yake ilifika Mei 2023, Dublin, nusu fainali ya United Rugby Championship, ligi ya timu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini. Wapinzani wao Leinster, timu nyingine ya Ireland, walikuwa mbele 15-13, dakika zinayoyoma. Crowley akaudondosha mpira, ulipogusa nyasi akaupiga ukapita katikati ya milingoti. Pointi tatu, Munster 16-15. Wiki mbili baadaye walibeba kombe Cape Town kwa kuwashinda Stormers wa Afrika Kusini 19-14. Sexton alipostaafu, Crowley alianza mechi zote tano za Six Nations 2024, mashindano ya kila mwaka ya mataifa sita ya Ulaya, na Ireland ikawa bingwa.

Ukadhani benchi ameshaliaga? Novemba ya mwaka huohuo Sam Prendergast, namba 10 mwingine aliyezaliwa 2003, akaanza kuichezea Ireland. Katika Six Nations 2025 Prendergast ndiye aliyeanza mechi nne za kwanza. Crowley alipewa ile ya mwisho tu, Roma dhidi ya Italia. Bingwa wa mwaka uliotangulia! Sehemu hii ndiyo inayonigusa kuliko lile teke la Dublin, na ndiyo ningependa uishike.

Kuhusu kuhama: kocha wako bado anakuingiza, tena katika namba mbili, kwa hiyo maliza msimu hapo. Muulize ana kwa ana ni kitu gani kinakunyima jezi ya 10, iwe mateke, ukabaji au sauti yako uwanjani, kisha ukifanyie kazi kila siku baada ya mazoezi wenzako wakishaondoka. Akikosa jibu, au ukilifanyia kazi na dakika zisiongezeke, niandikie tena tuzungumze habari ya klabu nyingine.