Maswali na Majibu: Waya una moto, lakini pofu hawaogopi

SWALI: Nasimamia bustani ndogo ya wanyama nje ya mji wa Dodoma. Tuna pofu (wale swala wakubwa), pundamilia na kobe. Kipimo cha uzio wa umeme kinasoma volti 7,000, lakini tangu Agosti pofu wanausukuma uzio kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi anashauri tununue mashine yenye nguvu zaidi. Halafu wiki iliyopita tumekuta kobe amekufa chini ya waya wa chini kabisa, ulio sentimita 15 kutoka ardhini. Tufanyeje?

JIBU: Hiyo pesa ya mashine ishikilie kwanza. Volti 7,000 zinakuonyesha kwamba waya una moto, yaani una umeme; hazikuonyeshi kama umeme una njia ya kurudi. Mashine hutoa pigo fupi kila baada ya sekunde moja hivi. Pigo hilo lipite kwa mnyama, lishuke kwatoni, lipite ardhini mpaka kwenye nondo za ethi (vyuma vilivyopigiliwa ardhini na kuunganishwa na mashine), ndipo lirudi kwenye mashine. Msimu huu udongo wenu umekauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Pofu hasikii kitu cha kumtisha.

Pima ethi sasa, usingoje mvua. Zima mashine, nenda mita 100 hivi kutoka ilipo, egemeza vyuma kadhaa kwenye waya wenye moto huku ncha zake zimechomekwa ardhini. Washa, upime waya. Volti zikiwa bado zinazidi 2,000, zima tena na uongeze vyuma. Zikishuka chini ya hapo, rudi kwenye nondo ya ethi ya mwisho: ncha moja ya kipimo iguse nondo, nyingine uichomeke ardhini mita moja pembeni. Ukisoma zaidi ya volti 300, ethi haitoshi. Na mashine kubwa inadai ethi kubwa zaidi, kwa hiyo mngenunua tatizo lilelile kwa bei ya juu.

Tiba ni nondo zilizopakwa zinki, za mita mbili, zisipungue tatu, zikiachana mita tatu. Zipigilieni penye unyevu, kwa mfano pale maji ya birika la wanyama yanapomwagikia, na ziwe angalau mita 10 kutoka ethi ya TANESCO. Msifunge waya wa shaba moja kwa moja kwenye chuma cha zinki. Maungio huliwa na kutu na kazi yote inapotea. Mafundi wengi hupigilia kipande kimoja cha nondo ya zege, wakafunika kwa mchanga, wakadai malipo. Fukueni muone mlichonacho.

Kwa ukame wa Dodoma ningeongeza jambo moja: waya wa moto ufuatwe na waya wa ethi (uliounganishwa na nondo za ethi), vikipishana hivyo kutoka chini hadi juu. Pofu akipenyeza kichwa anagusa vyote viwili, na pigo halihitaji tena kupita ardhini. Lakini kumbukeni, pofu akiamua kuruka, uzio wa mita mbili haumzuii, uwe na umeme usiwe nao.

Kuhusu kobe, hapo kosa ni la urefu wa waya kutoka ardhini. Wanyama wengine wakipigwa hukimbia. Kobe hujikunja ndani ya gamba palepale alipo, gamba likiwa bado limegusa waya, na mapigo yanaendelea sekunde baada ya sekunde hadi anakufa. Kakakuona naye hufa hivyohivyo, akijiviringisha kwenye waya. Kwa hiyo waya wa moto wa chini kabisa upandisheni hadi sentimita 30, na mtu apite kando ya uzio kila asubuhi.

Kobe wenu wenyewe hawahitaji umeme hata kidogo. Wajengeeni ukuta mfupi wa tofali, usio na matundu: akiona upande wa pili kupitia wavu, atasukuma kutwa nzima.