Mzee ameacha sigara akahamia ugoro, mashine ya pumzi inasema 3: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mzee wako aliacha sigara akashika ugoro, na kwamba alipopuliza kwenye mashine ya kliniki alipata 3, ilhali mdogo wako, ambaye huvuta shisha Ijumaa usiku tu, alipimwa Jumamosi asubuhi akapata 14. Unauliza kama mashine ni mbovu. Nimewapima watumiaji wa tumbaku kwa miaka sita katika kliniki moja hapa Mombasa, na kwa maelezo yako sioni kosa lolote la mashine; nambari zote mbili zinaweza kuwa sahihi kabisa.

Mashine ile hupima gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hutokana na kitu kinachoungua. Gesi hiyo ikiingia mapafuni hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kisha hutoka polepole kwa pumzi, kiasi kwamba nusu yake huwa imeondoka baada ya saa tano hivi. Zamani mtu alihesabiwa kuwa mvutaji akifika sehemu 10 kwa milioni. Siku hizi wengi huanzia 6. Ugoro hauwashwi, kwa hiyo hauna gesi hiyo, na ile 3 ya mzee inathibitisha kwamba kweli hajavuta moshi karibuni. Kuhusu nikotini haisemi lolote.

Nikotini hufuatiliwa kwa kotinini, yaani kile ambacho ini huigeuza kuwa, nayo hupatikana kwenye mate, mkojo na damu, na nusu yake huchukua takriban saa 16 au zaidi kuisha. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja na kikopo chake cha ugoro mfukoni: pumzi ilisoma 2, lakini nilipochovya ukanda kwenye mkojo wake, mstari wa pili haukutokea kabisa, na kwa ukanda ule mstari usipotokea ndipo kotinini ipo. Alidhani amefaulu mtihani. Ilinibidi niketi naye nimweleze taratibu kwamba moshi ameuacha, na hilo ni jambo kubwa, ila tumbaku bado anayo. Watu wa namna yake si wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 4.5 ya watu wazima nchini Kenya wanatumia tumbaku isiyovutwa, na mtu anayewapima kwa pumzi peke yake atawaandika wote kuwa wasafi.

Kuhusu mdogo wako nina wasiwasi zaidi. Wavutaji wa shisha huniambia kwamba maji yanachuja, lakini maji hupoza moshi tu, hayazuii kaboni monoksaidi, na makaa yanayowekwa juu ya tumbaku hutoa gesi hiyo kwa wingi kuliko tumbaku yenyewe. Mvuto mmoja wa shisha waweza kufika nusu lita ya moshi, wakati wa sigara ni kama mililita 60, na kikao huendelea saa nzima au zaidi. Tangu serikali ipige marufuku shisha Desemba 2017, wengi wanaokuja kwangu huvutia nyumbani, chumba kimefungwa madirisha, kwa hiyo hata asiyegusa bomba anaondoka na sehemu yake. Ikiwa alilala akaamka bado ana 14, fikiria alikuwa na ngapi alipokuwa amekaa mbele ya bomba.

Ndiyo maana sitegemei hesabu ya vijiti wala ya siku za wiki. Nimepima vijana wawili, kila mmoja akivuta sigara kumi kwa siku, mmoja akapata 11 na mwenziwe 27, kwa sababu mmoja huvuta haraka na kuitupa nusu, na mwenziwe huvuta kwa kina mpaka kwenye kichungi. Hata zile zilizouzwa kwa jina la sigara hafifu zina vitundu vidogo kwenye kichungi, ambavyo mashine ya maabara inayopima moshi wa sigara huviacha wazi, lakini vidole na midomo ya mvutaji huviziba.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa mama mmoja muuza mahamri. Alisoma 9, nikamuuliza mbele ya mkaza mwanawe ni lini alivuta mara ya mwisho. Alinyamaza, akaona haya, kisha akasema hajawahi kuvuta maishani mwake. Alikuwa ameanza kukaanga tangu alfajiri kwenye jiko la makaa, jikoni kusikopita upepo. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo swali la jiko hulitanguliza. Huuliza pia kama mtu amekunywa maziwa, kwani tumbo lisiloyamudu hutoa hidrojeni, ambayo baadhi ya mashine huidhania kaboni monoksaidi.

Kwa hiyo mzee apimwe kotinini, mradi hatumii bandiko wala chingamu ya nikotini, maana hizo pia zitaonekana. Mdogo wako arudi alasiri ya siku ya kawaida, abane pumzi sekunde 15, kisha apulize polepole mpaka mapafu yaishe hewa, na muuguzi aandike saa aliyovuta mara ya mwisho kando ya nambari. Kama nyumbani mnapikia makaa, litajeni hilo kabla muuguzi hajaandika.